Mimi Sikupotea, Fanfari Ndiyo Iliyopotea

Naanza kwa kujitetea, maana hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, hadithi hii imepita midomo mingi na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Kuna wanaosema nilikutwa Kipushi. Uongo mtupu. Kipushi ni kilomita 30 hivi, na mimi hata moja sikuimaliza.

Fanfari yetu, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, ni ya kijeshi kwa sare, kwa mwendo na kwa makelele. Mshahara hakuna. Aliyeianzisha ni ajida mstaafu (ajida ni cheo cha jeshi) aliyepuliza tarumbeta jeshini. Sisi wengine ni raia wa kujitolea: mwalimu wa shule ya msingi kwenye klarineti, fundi cherehani kwenye tromboni, kinyozi kwenye matoazi, na mimi muuza makala, yaani makaa, kwenye ngoma kubwa. Wiki nzima mikono yangu ni myeusi, siku ya sherehe navaa glavu nyeupe. Mke wangu ndiye anayezifua, na kila akizianika huuliza fanfari italipa sabuni lini.

Ngoma kubwa inakaa kifuani, ngozi moja kulia, nyingine kushoto, ukingo wa juu karibu na pua. Mbele huoni kitu ila mbingu na kofia ya mtu mrefu. Miguu yako mwenyewe unaikumbuka tu kwamba ipo. Kwa hiyo mpiga ngoma kubwa haendi kwa macho, anaenda kwa masikio. Na wenzake wote wanaenda kwa ngoma: pigo zito, mguu wa kushoto, hatua 120 kwa dakika. Ajida husema tarumbeta ikikosea watu watadhani ni ufundi, lakini ngoma ikikosea jeshi zima linajikwaa.

Sasa masikio. Kinyozi wa matoazi hutembea kulia kwangu, na yule bwana anayagonganisha kama watu wawili anaotaka wapigane. Kila baada ya mazoezi masikio yangu yalilia mpaka usiku. Asubuhi ya 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, nikachomoa pamba kwenye mto wa mtoto, nikaziba yote mawili. Raha ya ajabu. Sikumwambia mtu.

Juni hapa Lubumbashi asubuhi ni baridi kweli. Shaba ikipoa sauti yake inashuka, kwa hiyo wenye tarumbeta walizificha ndani ya makoti kama wezi wa kuku. Tromboni ikabaki nje, haifichiki. Ajida akainua fimbo, tukaondoka kuelekea Kenya, komuni ya hapa hapa mjini, vumbi jekundu chini, watoto nyuma.

Kwenye njia panda fulani Ajida alionyesha kulia. Wote wakaona. Kinyozi anaapa kwamba alinipigia kelele, na ninamwamini, sasa. Mimi nilinyoosha. Kofia ya fundi cherehani ilipotoweka mbele yangu, nilifikiri hatimaye mistari imeachiana nafasi, kama Ajida alivyotudai miezi yote. Tarumbeta nikazisikia kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi, nikaisifu pamba. Na nyuma yangu nilihisi kishindo cha miguu iliyokwenda pamoja, kushoto, kulia, kushoto. Nikajiambia: leo tunatembea vizuri kuliko siku zote.

Walikuwa watoto. Kama thelathini hivi. Na haki yao tuwape, walitembea vizuri kuliko fanfari.

Dakika kumi. Piga hesabu: hatua 1,200. Kisha ngoma ikagonga nguzo.

Nikachungulia pembeni. Nguzo ilikuwa ya turubai. Chini ya turubai viti vya plastiki, wamama kwenye mikeka, mbabula, majiko ya makaa, zinawaka, labda kwa makala yangu mwenyewe. Wote wameacha kulia, wananitazama. Nilikuwa nimeingia kwenye kilio cha watu.

Miguu ilisimama. Mkono haukupata habari mapema, ukaongeza mbili. Bum. Bum.

Hapo nilingoja kipigo. Lakini huku kwetu, mzee aliyekula miaka yake akifa, wajukuu wana ruhusa ya utani: watafunga njia, watadai pesa, watamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, na hakuna wa kukasirika. Mama mmoja akanyanyua kitambaa usoni, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akapasuka kucheka.

"Eh! Njo mujukulu huyu! Amekuja na ngoma!"

Basi nikawa mjukuu. Noti za franka zikaanza kudondoka kwenye kofia yangu. Babu mmoja akasimama kwa fimbo, akatangaza kwamba baba yake alikuwa mchezaji wa mbeni. Hiyo ni ile ngoma iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za Wazungu, askari wa vita vya 1914–1918 wakaisambaza bara, ikafika mpaka kwenye migodi ya Katanga. Hata jina lake ni bendi iliyokatwa mkia. Babu akasema hajaona mtu wa ngoma na sare kilioni tangu utoto wake. "Piga, mujukulu!"

Nipige nini peke yangu? Nilipiga sehemu yangu ya wimbo wa taifa, ambayo bila wenzangu inafanana na mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Wakacheza. Mpaka leo sijui walichezaje. Wakati wote huo paja langu lilikuwa likitetemeka, nikadhani ni woga. Ilikuwa simu, mfukoni chini ya ngoma, mkono haufiki. Ajida alipiga mara 11.

Kurudi ilikuwa shida nyingine. Kwenye basi ndogo mtoza nauli alinitoza viti viwili. Nikamwambia ngoma haili wala haishuki. Akajibu: "Lakini imekaa."

Huko kwa wenzangu, nasimuliwa, klarineti zilikimbia, tarumbeta zikasinzia, na mbele ya wageni kila mtu alikuwa na mguu wake wa kushoto. Kinyozi alijaribu kushika mwendo kwa matoazi peke yake, ikawa kama jiko linaanguka. Ajida aliwaambia wageni kwamba ngoma imetangulia kusafisha njia.

Mtu wa kujitolea utamwadhibu vipi? Mshahara wa kukata hauna. Ajida alifikiri wiki nzima, kisha akaleta kamba ya katani. Tangu hapo mwisho mmoja umefungwa kwenye mkanda wangu, mwingine anao kinyozi, na njia panda ikifika ananivuta kama mbuzi wa sikukuu.

Mwezi uliofuata, katikati ya mazoezi, walikuja wanaume wawili wamevaa vizuri. Wakamsalimu Ajida kwa heshima zote.

"Papa, Jumamosi tunamaliza kilio. Tunatafuta ule mujukulu wa ngoma."

Ajida akajinyoosha, akagusa vifungo vya koti. "Fanfari nzima iko tayari."

"Hapana, papa. Yeye tu."

Kimya. Fundi cherehani akaanza kumwaga mate yaliyojaa kwenye tromboni, taratibu, ili asicheke. Ajida alinitazama, akawatazama, akatazama kamba.

"Ataenda," alisema. "Lakini na kinyozi."