strlcpy na wenzake: ubebe za kwako au utegemee za mfumo?

Ukiandika programu kwa lugha ya C inayotakiwa iende Linux, Windows na Mac zote, swali hili linakukuta mapema sana: zile funksheni ndogondogo za kunakili stringi, kupanga orodha, kufuta memori, utumie zinazokuja na mfumo au uandike zako uzibebe ndani ya projekti? Wengi wanajibu haraka mno, wakati pande zote mbili zina hoja nzito.

Chukua strlcpy, funksheni ya kunakili stringi bila kuzidi nafasi iliyopo. Todd Miller na Theo de Raadt wa OpenBSD, mfumo endeshi wa familia ya BSD, waliileta 1998 kwasababu strncpy ya zamani ikishajaza bafa (nafasi ya memori unayonakilia) haiweki sifuri ya mwisho, ile inayoonyesha stringi imeishia wapi, na hapo ndo matobo ya usalama yanapoanzia. Mac wakawa nayo, ila glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux nyingi, ikaikataa. Ulrich Drepper, aliyekuwa anaisimamia glibc, mwaka 2000 aligoma kabisa, kwamba mtu anayeshika stringi vizuri anajua urefu wake muda wote, kwahiyo memcpy, inayonakili idadi ya baiti unayoitaja, inamtosha, na kukata stringi kimyakimya kunaleta makosa mengine tu. Mi naona pointi alikuwa nayo, maana njia ya faili ikikatwa katikati unaweza ukafungua faili lingine kabisa na programu isiseme kitu, labda kama umekagua namba inayorudishwa, na wengi hawakagui.

Sasa tazama kilichotokea. glibc ikakaa miaka 23, ikaja kuiingiza kwenye toleo 2.38 mwaka 2023, na POSIX ya 2024, standadi ya mifumo ya aina ya Unix, nayo ikaipokea. Kipindi chote hicho projekti zilijibebea: Git walibeba ya kwao kwenye folda ya compat (ya kujazia mapengo ya mifumo), OpenSSH wakabeba kwenye openbsd-compat, GLib (maktaba nyingine, si glibc) wana g_strlcpy, na huwezi kuwaambia hawa watu wangekaa kusubiri mabishano yaishe wakati watumiaji wanahitaji programu leo.

Windows nako kuna yake. snprintf, ya kuandika maandishi ndani ya bafa, iko kwenye standadi ya C tangu toleo la C99 lakini Visual Studio ilikuja kuwa na iliyo sahihi 2015, kabla ya hapo ulikuwa na _snprintf ambayo bafa ikijaa haiweki sifuri, yaani jina linafanana tabia tofauti. Alafu long kwenye Windows ya biti 64 bado ni biti 32, kwahiyo ftell, inayokuambia uko sehemu gani ya faili, inaishia faili la 2GB, usipokuwa na funksheni yako inayoita _ftelli64 huku na ftello kule, faili kubwa inakutesa. qsort_r, ya kupanga orodha, ndo balaa zaidi, GNU (glibc) wanaweka data ya ziada unayoipitisha mwisho, BSD za zamani wanaiweka kabla ya funksheni ya kulinganisha, Microsoft wana qsort_s yenye mpangilio wake. Hapo usipobeba ya kwako utajaza #ifdef (masharti ya kuchagua kodi kwa kila mfumo) kila faili mpaka kodi isisomeke.

Upande wa pili, wa kutegemea za mfumo, ushahidi wake mkubwa kwangu ni OpenSSL, maktaba ya usimbaji wa mawasiliano, nao ukiuangalia unatisha kweli. Walikuwa wamejitengenezea namna yao ya kutunza na kugawa memori upya badala ya kuiachia malloc, funksheni ya mfumo ya kugawa memori, sababu ikiwa kasi kwenye mifumo ambayo malloc yake ni nzito. Ilipoibuka Heartbleed, tobo la OpenSSL lililovujisha memori, Aprili 2014 watu wa OpenBSD wakaonyesha kwamba tabaka hilo lilikuwa linazipita kinga ambazo malloc yao inazo, na ukilizima programu inagoma, kwasababu kulikuwa na bagi nyingine iliyojificha inayotegemea memori iliyoachiwa irudi vilevile ilivyokuwa. Wakaanzisha LibreSSL, nakala yao ya OpenSSL, mwezi huohuo wakafyeka kodi za mifumo ya zamani kama VMS na Mac za zamani, na BIO_snprintf, snprintf ya OpenSSL yenyewe, ikaipisha snprintf ya kawaida. Kwahiyo mifumo mizuri iliadhibiwa kwa ajili ya ile mibovu, na hilo ndo linaloniuma.

Kwahiyo mi nasimama na namna ya OpenSSH. Unaandika kodi kuu kana kwamba kila mfumo ni mzuri, unatumia jina lilelile na tabia ileile ya funksheni halisi, mfumo usiokuwa nayo ndo unajaziwa pengo, na mwenye nayo unaachiwa yake. Usibuni stringi_nakili_salama yako yenye kanuni zako, maana anayekuja baada yako hawezi kujua inafanyaje mpaka aisome yote.

Na pengo lipimwe kwa kuuliza kompaila kama funksheni ipo, usipime kwa jina la mfumo. Walioandika "kama ni Linux basi tumia strlcpy yangu ya static" walipofika glibc 2.38 bildi zao zikavunjika, kwasababu jina limeshatangazwa kwenye string.h. Waliokuwa na testi ya configure, skripti inayouliza kompaila kabla ya bildi, hawakugusa kitu. Saa hizi Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, haina strlcpy, na Debian 12 yenye 2.36 hivohivo, ila Ubuntu 24.04 inayo. Kwahiyo ile nakala ya compat bado ina kazi, iacheni kwanza, na pembeni yake iandikwe toleo gani la mfumo likishaachwa faili hilo linafutwa.