Mbio Dakika 15, Uvunguni Mwezi Mzima

Nikisema nina gari la mbio, watu hunipandisha na kunishusha kwa macho wakimtafuta huyo dereva. Wakija nyumbani ndipo wanapomwona: miguu miwili imechomoza uvunguni mwa gari langu, MGB ya mwaka 1963. Wageni wa mke wangu wameshazoea. Wanaisalimia miguu, miguu inaitikia, wanapita ndani.

MGB zilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, zikaendelea mpaka 1980, zaidi ya nusu milioni. Nusu milioni! Na katika zote hizo mimi nikaenda kuchukua ya mwanzo mwanzo, kwa sababu wazee wa mbio walisema za mwanzo ndizo tamu. Wakaishia hapo. Hawakuniambia kwamba krenki yake, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imeshikwa na beringi tatu tu (za tano zilikuja 1964), wala kwamba kule nyuma ya krenki, pale ambapo wewe ungetegemea sili ya mpira, pamechongwa mifereji kama ya skrubu. Injini ikizunguka, mifereji inairudisha oili ndani. Injini ikizimwa, mifereji inapumzika, oili inatoka kutembea. Nilimuuliza fundi mmoja, "Sasa ikisimama inazuiliwa na nini?" Akanijibu, "Usiizime."

Basi nimekinga sinia. Nilikolitoa hilo sinia msiniulize.

Njoo kwenye umeme. Mwenzangu ukiambiwa betri unawaza betri moja, mbele, chini ya boneti. Mimi ninazo mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti chini ya zulia utadhani hela ya mahari. Halafu magari ya watu wote siku hizi bodi yake ni hasi, yaani imeungwa na ncha hasi ya betri. La kwangu, kama MGB zote za kabla ya 1967, bodi yake ni chanya. Juzi kijana mmoja mwenye roho nzuri alikuja kunisaidia kuliwasha kwa betri ya gari lake. Alishafika na waya mweusi, ule wa hasi, mkono umenyooka kuelekea bodi, nikapiga ukelele mpaka akaangusha waya na simu. Hajarudi tena. Namwelewa.

Spana nazo zina kisa. Nati zote ni za inchi. Spana ya 13 inaingia vizuri tu kwenye nati ya nusu inchi, inakaa, inakwambia twende kazi. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na hizo pointi tatu zilizobaki ndizo zinazolamba pembe za nati mpaka inabaki duara kama shanga. Hapo ni patasi, nyundo, na maneno ambayo watoto wakiwa nyumbani huyatamki.

Ila kilichonivunjia heshima mtaani ni kabureta, zile zinazoichanganyia injini hewa na petroli. Ziko mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta kuliko mwenzake injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Vipimo vya kisasa vipo, lakini wakongwe wanatumia mpira: ncha moja unaiweka mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Unasikiliza "ssss" ya hii, unahamia "ssss" ya ile, unagusa skrubu kidogo, unarudi. Basi Jumapili asubuhi nimeinama, mpira sikioni, macho nimefumba, akapita jirani.

"Jirani, inasemaje?"

"Ya nyuma inavuta sana," nikamjibu, bila kufumbua macho.

Akatikisa kichwa polepole, namna ile ya kumwitikia mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo mkewe akiniona huniuliza kama ninalala vizuri.

Na sitakuficha: zile "ssss" mbili zikishakuwa moja, injini ikatulia, ikaanza kunguruma kwa chini chini, mimi hapo hunitoi hata kwa chakula.

Sasa siku ya mbio. Kabla ya kuingia uwanjani kuna wakaguzi, watu wasiocheka. Wanaangalia breki, mikanda, kizima moto, swichi ya kukata umeme, kisha wanainama kuangalia kama kuna kinachodondoka. Kinachodondoka! Mimi nilikuwa nimeshaingia uvunguni na kitambaa, nikapangusa chini ya injini mpaka ikang'aa, nikatoka nikasimama mbele ya gari nikipiga mluzi. Mkaguzi akachungulia, akaniangalia mgongo ulivyochafuka, akaangalia tena chini. Akapitisha. Nadhani alinihurumia.

Mbio zenyewe ni dakika 15. Mimi nilitumia nne. Kona ya tatu nilikanyaga breki nikiwa nimechelewa, nyuma ikataka kutangulia mbele, tukaingia wote wawili kwenye changarawe mpaka ekseli. Wale jamaa wa bendera wakaja na kamba. Nikawaambia wakati wananivuta kwamba mwaka 1963, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, dereva Alan Hutcheson alizama na MGB kama hii kwenye mchanga wa kona ya Mulsanne, akafukua mwenyewe zaidi ya saa nzima, akatoka, na yeye na dereva mwenzake Paddy Hopkirk wakamaliza wa 12. Mmoja wao akaniuliza, "Na wewe utamaliza?" Nikamwambia kuna changarawe kwenye feni.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amesimama pale gari linapolala. Nikamsimulia kila kitu, kona, kamba, Le Mans, Hutcheson na mchanga wake, hiyo nafasi ya 12 nikaitaja mara mbili. Alinisikiliza kwa utulivu kabisa mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akaokota kitu sakafuni, akakiinua kwa vidole viwili, oili ikichuruzika.

"Na hao wenzako," akasema, "walikuwa wanakingia sinia la nani?"