Soko la Ubashiri wa Esports Lifungwe Mechi Inapoanza

Masoko ya ubashiri kama Kalshi na Polymarket yameingiza katika esports, yaani mashindano ya michezo ya kompyuta, biashara yenye mvuto wa kweli. Mtu hununua mkataba unaosema kwamba timu fulani itashinda mechi ya Counter-Strike, mchezo wa risasi ambao washambuliaji hutega bomu na walinzi huwazuia. Timu ikishinda, mkataba hulipa dola 1, ikishindwa haulipi kitu, na bei ya senti 65 husomwa kama uwezekano wa asilimia 65. Kampuni ya kubeti hupanga odi yenyewe na kujiwekea faida humo humo, ilhali hapa bei hutokana na mvutano wa wanunuzi na wauzaji. Wazo hilo naliunga mkono. Ninachokipinga ni kuruhusu biashara iendelee wakati mechi inachezwa, na kufungua mikataba ya mashindano madogo.

Kabla ya mechi, bei inaweza kubeba maarifa halisi. Timu yenye uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda kila ramani, yaani kila uwanja wa mchezo unaochezewa sehemu moja ya mechi, hufikia takriban asilimia 65 katika mechi ya ramani tatu, na asilimia 68 katika mechi ya ramani tano, kwa hiyo anayejua hesabu hiyo huitambua bei iliyopotoka. Kisha timu hukataa na kuchagua ramani, na timu iliyozoea kutamba kwenye Nuke ikinyimwa ramani hiyo, aliyeifuatilia kwa miezi ana haki ya kufaidika na alichokijua.

Mechi ikianza, mizani huvurugika. Matangazo ya mtandaoni hucheleweshwa, mara nyingi kwa makusudi, ili timu zisichungulie mipango ya wapinzani wao. Tuseme ramani ya mwisho imefika 11 kwa 11 na timu itakayotangulia kufikisha raundi 13 ndiyo mshindi. Ukumbini bomu limeshategwa na amebaki mlinzi mmoja dhidi ya washambuliaji watatu, lakini mtazamaji wa nyumbani bado anaona wachezaji watano kwa watano, na anauza mkataba wake wa ushindi wa washambuliaji kwa senti 50 akidhani ameuza kwa bei ya haki. Anayemnunulia anaweza kuwa amekaa ukumbini, au ana mfumo unaopokea data ya mechi moja kwa moja. Mnunuzi huyo hajabashiri chochote. Amenunua jambo ambalo limekwisha kutokea.

Kuhusu mashindano madogo, historia inatosha kutuonya. Mwaka 2014 wachezaji wa timu ya Counter-Strike ya iBUYPOWER walipoteza kwa makusudi mechi dhidi ya timu ya NetcodeGuides, na Januari 2015 Valve, kampuni inayomiliki mchezo huo, ikawafungia waliohusika. Hata Lee Seung-hyun, bingwa wa dunia wa 2014 wa mchezo wa kompyuta wa StarCraft II, alipatikana na hatia Korea Kusini kwa kupoteza mechi mbili za 2015 kwa malipo ya won milioni 70. Ikiwa bingwa alinunulika, tumtarajie nini kijana anayecheza ligi ya mtandaoni kutoka chumbani kwake, bila mwamuzi pembeni na kwa kipato kidogo, huku sokoni kukiwa na mkataba unaomlipa timu yake ikifungwa? Katika masoko yanayotumia sarafu za kidijitali, miamala huonekana na kila mtu, lakini jina la mwenye pochi halionekani. Tena, Septemba 2020 tume ya uadilifu ya esports, ESIC, iliwafungia makocha 37 wa Counter-Strike waliotumia hitilafu iliyowawezesha kuona sehemu za ramani wasizostahili kuziona. Mechi hizo zilikuwa na upande uliopendelewa kwa siri, na hakuna bei ya sokoni ambayo ingeliweza kulionyesha hilo.

Napendekeza mikataba ibaki kwenye mashindano makubwa yanayochezwa ukumbini chini ya waamuzi, na biashara isimamishwe raundi ya kwanza inapoanza. Atakaye kubadili msimamo afanye hivyo katika mapumziko kati ya ramani moja na nyingine, mradi soko lisubiri kwanza matangazo yafike, ili aliye ukumbini, aliye nyumbani na mwenye data ya moja kwa moja wawe wanajua matokeo yaleyale.