Migomo Iliponyamaza: Kuitazama Upya TFL

Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2024 iliadhimishwa hapa Arusha na, kama ilivyo ada, wafanyakazi waliomba na serikali ikajibu. Tumeuzoea utaratibu huo kiasi cha kusahau kwamba palikuwa na wakati ambapo wafanyakazi wa Tanganyika hawakuwa waombaji. Mwaka 1960 peke yake, migomo iliyoendeshwa chini ya vyama vya TFL (Tanganyika Federation of Labour), shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilipoteza karibu siku za kazi milioni 1.5. Mwaka 1964 siku hizo hazikufika hata 10,000.

Wanaoitetea serikali ya wakati ule husema kwamba takwimu hiyo inaonyesha mafanikio, na hoja yao si nyepesi. Watu wa mshahara hawakufika nusu milioni katika nchi ya watu takriban milioni kumi, na kila nyongeza waliyoipata ilikuwa na mkulima aliyeibeba. Madai ya viongozi wao ya kuharakisha Uafrikanishaji, yaani kuwapa Waafrika kazi zilizoshikwa na wasio Waafrika, yalikuwa na harufu ya ubaguzi. Tena, kima cha chini kilipanda, na sheria ya mwaka 1964 ikamkinga mfanyakazi dhidi ya kufukuzwa ovyo.

Hata hivyo, mtu mwenye kushiba na mtu aliyezibwa mdomo wote hunyamaza. Migomo ilianza kupungua kabla NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichoundwa na serikali, haijazaliwa, baada ya sheria za mwaka 1962 kulazimisha migogoro ipitie usuluhishi mrefu kabla ya mgomo wowote kuwa halali. Na waziri mkuu wa wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa katibu mkuu wa TFL ilipoundwa mwaka 1955. Christopher Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani, na hatimaye akawekwa kizuizini. Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashambani alihamishiwa Sumbawanga kwa amri mwaka 1963. Yalipotokea maasi ya wanajeshi Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa, NUTA ikachukua nafasi yake, huku Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, akiwa ndiye katibu mkuu wake. (Mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, yaani serikali, akawa pia msemaji wa waajiriwa.)

Kama ukimya huo ulikuwa wa kuridhika, ni vigumu kueleza kwa nini Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi waliweka zana chini mara moja katika kiwanda kimoja baada ya kingine, tena bila idhini ya NUTA. TFL ilikosea, kwa maoni yangu, kwa kutomtafuta mkulima mapema, kwa hiyo ilipobanwa hakuna kijiji kilichoilia. Huku Moshi, mwenye kihamba cha kahawa alikuwa na KNCU yake, chama cha ushirika kilichokuwapo tangu miaka ya 1930, na ugomvi wa watu wa reli na wa mkonge haukumhusu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwamo, na wakati huo hapakuwa tena na chama huru cha wafanyakazi cha kugoma kwa ajili yake.