Ngiri ya kinena: upasuaji sasa au kusubiri?

Mwanamume mwenye ngiri ya kinena (uvimbe unaotokea utumbo au mafuta ya tumbo yakipenya sehemu dhaifu ya misuli ya kinena) isiyomuuma, inayorudi ndani yenyewe akilala, ana haki ya kuuliza kwa nini apasuliwe sasa. Hoja yake ina nguvu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 uligawa wanaume 720 wa aina hiyo: wengine wakapasuliwa, wengine wakasubiri. Kati ya waliosubiri, ngiri ilinasa ghafla, yaani ilikwama nje isirudi ndani, kwa watu wasiofika 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Upasuaji nao una gharama isiyoonekana kwenye risiti: takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya kudumu kinenani, mara nyingi kwa sababu neva imejeruhiwa au imebanwa na uzi au na wavu unaoshonewa ndani kuimarisha sehemu dhaifu.

Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 10, takriban 68% ya waliosubiri walikuwa wameshapasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Kwa waliozidi miaka 65 ilikuwa 79%. Kusubiri, basi, mara nyingi huahirisha tu gharama, na miaka hiyo mgonjwa anaweza kupata presha au kisukari, na upasuaji ukawa na hatari zaidi.

Tena takwimu hizo ni za watu walio karibu na chumba cha upasuaji. Ngiri ikinasa na utumbo ukakosa damu, huanza kufa ndani ya saa chache. Kazi ambayo ingefanyika kwa ganzi ya sehemu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo, inageuka nusu kaputi, kukata utumbo na kuuunga, na siku kadhaa wodini. Kwa anayeishi kisiwani ambako kivuko hakivuki usiku, ningeshauri apasuliwe mapema. Bei ya wavu nayo si kikwazo kama zamani: utafiti wa Uganda wa 2016 ulitumia kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini, na baada ya mwaka matokeo hayakutofautiana kwa maana na ya wavu ghali wa kiwandani.

Ngiri ya paja, inayowapata zaidi wanawake, haisubiriwi, wala ya kinena kwa mtoto mchanga. Ya kitovu cha mtoto husubiriwa hadi miaka 4 au 5, kwa kuwa nyingi hujifunga zenyewe.

Aliyechagua kusubiri ajue dalili: uvimbe umekuwa mgumu, unauma na haurudi, anatapika, hapati choo wala hatoi ushuzi. Asiusukume kwa nguvu, asile wala kunywa chochote, aende hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.