Sikulewa, Nilishiba

Naona ndugu yangu wa Stavanger, mji wa huku Norwe, ameshaniwahi kuwasimulia kisa changu cha ukweni. Nimefungua simu asubuhi, ujumbe umejaa, na wa kwanza kabisa ni wa shangazi yangu Tanga: "Mwanangu, ni kweli ulilewa ukweni?"

Shangazi, shikamoo. Sikulewa. Na nyie wengine kaeni chini niwasimulie mwenyewe, maana kwenye toleo la yule bwana kuna polisi, na polisi hawakuja. Kuna bibi aliyekumbatia mkoba wake, hilo ni kweli. Tutafika.

Baba mkwe mnamjua tangu kile kisa nilichowahi kuwasimulia cha barafu na suruali yangu. Huku kwao ni Sørlandet, kusini kabisa mwa Norwe, sehemu ambayo Wanorwe wenyewe wanaiita mkanda wa Biblia, kwa jinsi watu walivyoshika dini. Ni mtu wa bedehus, zile nyumba za sala za vijijini, na pombe haijawahi kuvuka kizingiti chake. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Dini mbali, lugha mbali, urefu ndio usiseme, yeye akisimama mlangoni sebule inaingia giza. Mwaka na nusu tumekaa kwenye makochi tukitazamana, tunatafuta la kuongea. Tulipata moja tu: yeye hanywi, mimi sinywi. Basi likawa ndilo daraja letu. Akinitambulisha kwa jirani anataja jina langu, halafu hapohapo anaongeza kwamba huyu hanywi kabisa.

Daraja hilo nililibomoa Alhamisi saa kumi na nusu jioni, kwa maneno matatu.

Chanzo ni keki. Mchana huo nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na bosi akaniuliza kama nitaweza kuhamisha vitanda vitatu peke yangu. Ningejibu tu "ja", yaani ndiyo, maisha yangu yangekuwa na amani. Lakini mimi nimesoma Kiingereza, bwana, na Kiingereza kinasema kazi nyepesi ni kipande cha keki. Nikajitutumua: "Det er et stykke kake!"

Bosi akanitazama. Akatabasamu. Akaenda kwenye friji, akarudi na sahani. Kumbe kuna mzee alikuwa ametimiza miaka 90 na keki ya krimu ilikuwa imebaki, na mama wa watu kaona huyu kijana ana njaa anaona haya kuomba. Nitamwambiaje kwamba ilikuwa nahau? Nikala. Akaniongeza cha pili, nikala. (Wanorwe, kwa taarifa yenu, kitu chepesi wanakiita barnemat, chakula cha watoto. Sisi tunasema ni kama kumsukuma mlevi. Ona lugha mama ilivyokuwa inanionya mapema, nami sikusikia.)

Sasa, tatizo langu ni hili. Kichwani mwangu maneno hayaendi Norwe moja kwa moja. Yanatoka Tanga, yanashuka London kubadilisha gari, ndiyo yanafika. Na London inakudanganya, kwa sababu nusu ya safari kila kitu kinafanana. Arm ni arm. Finger ni finger. Land ni land. Unaanza kujiamini. Darasani nilikuwa nimejifunza kwamba basi likijaa abiria wanasema "bussen er full". Nikasema haya, basi likijaa ni full, mimi nikijaa nitakuwa nani? Mjomba wake?

Nikafika ukweni tumbo liko shingoni. Na ilikuwa Alhamisi, siku ya kompe. Asiyeijua: viazi vibichi vinakunwa, vinachanganywa na unga wa shayiri, vinafinyangwa madonge makubwa kama ngumi ya bondia, vinachemshwa. Kila donge linalainishwa kwa siagi iliyoyeyuka. Kwa heshima yangu walikuwa wameondoa nguruwe wakapika nyama ya kondoo ya chumvi. Donge moja linatosha kumlaza mkulima. Nililiweka moja chini kwa jina la Mungu.

Hapa naomba tutembee polepole, maana hapa ndipo nilipofia.

Mke wangu alikuwa ghorofani anambembeleza mtoto. Kumbukeni hilo: mtu pekee wa nyumba ile anayeelewa Kiswahili hakuwepo mezani. Tulikuwa wanne. Mimi, baba mkwe, mama mkwe, na bibi wa mke wangu, ambaye masikio yake yanafanya kazi kwa zamu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kumrudisha bibi kwake kwa gari, na leseni yangu mpya ya Norwe iliyonimaliza akiba yote.

Mama mkwe akainua kijiko kikubwa, donge la pili limekaa juu yake linameremeta siagi. "Litt mer?" Kidogo tena?

Nikaweka mkono kifuani, kwa adabu zote nilizofunzwa za kula ukweni. "Nei takk," nikasema. "Jeg er full." Hapana asante, nimejaa.

Kijiko kikasimama hewani.

Baba mkwe akaitazama glasi yangu. Ndani mna Solo, soda ya machungwa. Akaitazama chupa ya Solo. Akasoma lebo.

Bibi akauliza, "Hva sa han?" Amesemaje?

Mimi, mwenye akili, nikajua shida ni sauti. Nikarudia kwa nguvu ili bibi asikie vizuri, huku nikijipigapiga tumbo na tabasamu la meno yote: "Jeg er full! Veldig full!"

Kijiko kikashuka. Donge likateleza, likarudi kwenye bakuli, tumbwi.

Baba mkwe akainama mbele, sauti ya chini kabisa, ile anayotumia kuzungumza na kondoo mgonjwa: "Er du full nå?" Nikasikia: umejaa sasa?

Nikaona uso wake, nikajua nimemkwaza. Anadhani nakisingizia chakula cha mke wake. Basi nikaamua kumwondolea wasiwasi, kwamba kosa si la hapa, nimetoka nacho huko. Jamani, mnaosoma hii mkiwa kazini, fungeni mlango.

"Ja," nikasema. "Jeg ble full på jobb." Nilijaa kazini.

Mama mkwe akakaa. Hakukaa kama mtu anayekaa. Alikaa kama gunia lililoachiliwa.

"Kazini?" akauliza.

"Ndiyo. Bosi ndiye aliyenipa. Alinipa mbili."

"Na hutokea mara nyingi?"

Nikafikiria. Mimi ni mkweli. Kazini kwetu kila Ijumaa tunapika vitumbua vyao vile vya kupikwa kwenye chuma, vafler, tunavila na jemu mpaka mikanda inalegea. "Hver fredag," nikasema. Kila Ijumaa.

Wewe unayecheka huko Mombasa, nakuona.

Kimya. Saa ya ukutani ikawa inatembea kwa visigino. Nikaona sasa hali ya hewa imechafuka, na dawa ya hali mbaya ukweni ni kujitolea kazi. Nikainuka, nikachukua funguo za gari, nikazichezesha mkononi hivi, cheng cheng, nikasema kwa uchangamfu: "Jeg kjører mormor!" Namwendesha bibi!

Hii ni nchi ambayo dereva anaruhusiwa promili 0.2 tu, kipimo cha pombe kwenye damu. Walishusha kutoka 0.5 mwaka 2001 na hawacheki na mtu. Na hapa kuna mkwe aliyekiri mwenyewe mara tatu, anatikisa funguo.

Bibi alikuwa ameanza kusimama. Akakaa tena. Akauvuta mkoba wake, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akaniangalia kama mtu anayetazama bahari imechafuka na yeye ana tiketi ya boti. Baba mkwe akasimama, giza likaingia, na ule mkono wake kama kasia ukafunika mkono wangu na funguo zake zote. Hakunikaripia. Ndicho kilichoniuma baadaye. Alisema tu, taratibu, kwamba nikae, kwamba tutazungumza, kwamba wao ni familia yangu.

Nikasema ahsante. Nilidhani wananipenda sana leo.

Mke wangu akashuka ngazi. "Mbona kimya?" Baba yake akamwambia kwa uso wa msibani kwamba mumeo amelewa. Akanijia, akaninusa mdomo. Kondoo na siagi. Akaniuliza kwa Kiswahili, kile chake alichookota Tanga barazani: "We, umewaambiaje?"

"Nimewaambia nimeshiba."

Alikaa sakafuni. Hakutafuta kiti. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Yaliyofuata ni mafupi. Mtu aliyeshiba ni mett. Glasi inaweza kuwa full, basi linaweza kuwa full, binadamu akiwa full amelewa. Kinorwe kina neno lake la kushiba kama sisi tulivyo na letu, barabara ilikuwa imenyooka kabisa kutoka Tanga, mimi nikaona nizungukie kwa Mwingereza. Mama mkwe alilia na kucheka pamoja. Baba mkwe alinipiga bega na kusema kwamba nimekanyaga saladi, nikainua miguu kuangalia chini ya meza, hapakuwa na saladi, na hapo wakaanza kucheka upya, kumbe ndivyo wanavyosema mtu akiboronga. Bibi akapelekwa nyumbani na baba mkwe. Walimweleza yote ndani ya gari.

Au walidhani wamemweleza. Masikio, nimesema, yanafanya kazi kwa zamu.

Sasa hii inayokuja yule wa Stavanger hajaipata, na afadhali mnisikie mimi kwanza. Jana Jumamosi bedehus walikuwa na bazari, wanauza soksi za kusuka na tiketi za bahati nasibu, na mama mkwe aliniomba nikasaidie kubeba meza. Nilipoingia nikaona wazee wananipisha kwa upole usio wa kawaida. Mmoja alinivutia kiti. Mwingine aliniletea kahawa nyeusi bila kuulizwa, kikombe kikubwa. Nikajisemea, jamani watu wa huku wamebadilika.

Halafu akaja mzee mmoja, swahiba wa bibi. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Macho yamelowa. Akasema: "Du er i våre bønner." Uko kwenye bønner zetu.

Bønner nazijua. Nazinunua kila wiki, za kopo, zipo za kahawia na zipo nyeupe. Ni maharage. Mzee wa watu ananikaribisha maharage yao, na machozi juu. Na safari hii, wadau, nilikuwa nimejiandaa. Neno nilikuwa nalo, jipya, sahihi, nimelala nalo usiku mbili. Sikupitia London. Nikaweka mkono kifuani, nikamtazama usoni, nikasema kwa lafudhi safi kabisa:

"Tusen takk, men jeg er mett."

Meza ya tatu kutoka pale nikamwona baba mkwe anaziba uso kwa soksi. Mke wangu ndiye aliyenieleza, nyumbani, baada ya kumaliza kukaa sakafuni, kwamba bønner ni maharage, na pia ni maombi.