Mgeni Anaalikwa, Muda Unatoka kwa Nani?

Wakufunzi wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hapa Tanzania, vinavyofundisha ufundi na elimu ya watu wazima, wanalaumiwa kwamba hawapendi wageni. Ukiomba kwenda kutoa mhadhara, unaambiwa ratiba imejaa, njoo muhula ujao. Wengi huona ni wivu, au kwamba mkufunzi anaogopa kuumbuka mbele ya mwenye shahada. Nimefundisha ushonaji katika chuo kimojawapo kwa miaka kadhaa, na naona wakufunzi hawa hawajasikilizwa.

Wanaotetea mihadhara ya wageni wana hoja. Vyuo hivi, ambavyo ni zaidi ya 50, vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na havikuanzishwa kwa ajili ya cheti tu. Mkufunzi wa ushonaji hajui kila kitu. Mimi sijawahi kuomba mkopo ambao halmashauri hutoa kwa vikundi, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii anaijua njia yake yote. Binti anayemaliza kozi hana cherehani atafaidika na saa moja ya afisa huyo kuliko wiki nzima ya kukata kola. Na binti aliyekatishwa shule na ujauzito anahitaji kumwona mwanamke aliyepitia hayo hayo akasimama.

Yote hayo nayakubali. Ninachokigombea ni saa.

Wengi wa wanachuo wangu ni mama wa watoto wadogo, na chuo kilikuwa na kituo cha kulelea watoto hatua chache kutoka darasani. Siku moja tulipata mgeni mkubwa. Alitarajiwa saa nne asubuhi, akafika saa sita. Ukaja utambulisho wa meza kuu, ikasomwa risala, ndipo mhadhara ukaanza, na tulitoka saa nane. Muda wa saa nne kwa wanachuo 40 ni saa 160. Kwa saa nne mwanachuo wangu wa mwaka wa kwanza anakata na kuunga sketi ya sare ya shule, na ikinyooka hiyo ndiyo itakayomletea oda ya pili mtaani kwao. Siku ile hakuna sketi iliyokatwa. Ripoti iliandika kwamba wanachuo 40 walinufaika.

Katikati ya mhadhara mlezi alisimama mlangoni na mtoto anayelia. Mama yake akainuka, akapita mbele ya meza kuu ameinama, khanga ameikumbatia kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yameshalowesha gauni. Mgeni alinyamaza, akamsindikiza kwa macho, kisha akasema kwenye kipaza sauti kwamba ndiyo maana wengine hawafiki mbali. Binti hakurudi ukumbini. Kesho yake alikaa kwenye cherehani ya mwisho, na wiki nzima hakuniuliza swali hata moja. Huyu alikuwa mtu wa kuuliza mpaka kengele ilie.

Jambo hili linaniuma kuliko zile saa 160. Mtu mzima aliyerudi darasani anakuja na kumbukumbu ya siku aliyoambiwa hafai. Tunatumia miezi kuifuta. Sauti moja yenye mamlaka inaweza kuirudisha kwa sentensi moja, na mwenye sauti hiyo ameshapanda gari, hatajua.

Nchi yetu iliwahi kupanga jambo hili vizuri. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni 2. Mzungumzaji wake alikuwa redio. Wanakisomo walikaa kwenye vikundi vyao, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili na kiongozi waliyemzoea na kitabu mkononi, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mgeni alisema sehemu yake, na muda uliobaki ukawa wao.

Kwa hiyo sisemi milango ifungwe. Nasema mgeni aje karakana badala ya ukumbini, aje kwa maswali ambayo wanachuo wameyaandika kabla, na akichelewa nusu saa kazi iendelee. Najua itifaki hiyo itatukosesha baadhi ya wenye majina, pengine na misaada ambayo wangetuletea. Ni hasara ya kweli, na mkuu wa chuo anayetafuta fedha za paa ana haki ya kuihofia. Hata hivyo mimi ningeikubali.

Muhula uliofuata tulimwomba afisa maendeleo ya jamii aje kwa mtindo huo. Alikaa kwenye benchi kati ya cherehani, mtoto wa mtu mapajani, akaeleza katiba ya kikundi inavyoandikwa. Yule binti ndiye aliyeuliza kwanza: kama mwenzao mmoja akihama baada ya mkopo kutoka, deni lake linabaki kwa nani? Afisa akaomba karatasi amchoree hesabu. Hapakuwa na karatasi karibu, akachora kwa chaki ya kukatia, juu ya kipande cha kitambaa cha bluu.